Nyumba Safi Bila Kumchafulia Jirani Maji



Mara hii tunataka tuzungumze juu ya jambo ambalo kila nyumba hulifanya kila siku, na kwa hivyo watu hawalifikirii sana: usafi wa nyumba. Tumelichagua kwa sababu akina mama wa kikundi kimoja tulichokitembelea walituuliza swali ambalo hatukuweza kulijibu papo hapo. Walisema: "Mabinti zetu wanaofanya kazi za nyumba huko Nairobi wakija Krismasi, mikono imechubuka, na wengine wanakohoa. Kwani huko wanasafisha na nini?"

Basi tukaenda Kileleshwa kutazama.

MTAA WENYE SHUGHULI NYINGI

Kileleshwa ni mtaa ulio upande wa magharibi wa jiji la Nairobi, si mbali na Ikulu na ile bustani ya miti ya Arboretum iliyoanzishwa mwaka 1907. Zamani mtaa huu ulikuwa wa nyumba za chini zenye viwanja vikubwa na miti mingi. Leo nyingi zimebomolewa na mahali pake pamesimama majumba ya ghorofa. Palipokuwa na familia moja, sasa wanaishi makumi ya familia, na kila moja ina jikoni yake, choo chake na nguo zake za kufua.

Watu wa hapa wana haraka. Baba na mama hutoka alfajiri kukwepa msongamano wa magari, na hurudi giza limeshaingia. Kazi ya usafi anaachiwa dada wa kazi, au anaitwa mama fua. Akina mama fua ni wale wanaokaa kando ya barabara karibu na mageti, leso begani, wakingoja kuitwa. Wengi hutoka Kawangware na Kangemi kwa miguu. Lakini ukiwauliza kwao hasa ni wapi, watakutajia Kakamega, Siaya, Machakos, Nyeri. Ni watu wetu hawa.

Tuliketi nao asubuhi moja. Mama mmoja wa makamo alitufungulia viganja vyake tuvione. Ngozi imepasuka katikati ya vidole. Akasema: "Unaingia nyumba, unapewa chupa tatu, nne. Hakuna anayekwambia hii ni ya nini na ile ni ya nini. Sisi tunajua kwa harufu. Ikichoma pua, basi hiyo ni ya choo."

Hapo tukaelewa swali la wale akina mama. Tatizo ni dawa kali zinazotumiwa kwa wingi, kwa haraka na bila maelezo.

SISI WENYEWE TULIWAHI KUKOSEA

Kabla ya kuwanyooshea wengine kidole, ni vizuri tuseme ukweli. Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa na semina, na baada ya watu kwenda tulitaka vyoo ving'ae haraka. Tukamwambia mama aliyekuwa akitusaidia amwage dawa ya choo, halafu aongeze Jik ili "ifanye kazi mara mbili". Dakika chache hazikupita tukamsikia anakohoa mfululizo. Tulimtoa nje machozi yakimtiririka, na kifua kilimbana mpaka jioni. Alipona, tunashukuru. Lakini ilikuwa ni amri yetu iliyomfikisha pale.

Tulijifunza baadaye kilichotokea. Jik, na dawa nyingine za namna hiyo, zina klorini ndani yake. Dawa nyingi za choo zina asidi. Zikikutana, klorini inatoka kama hewa ya sumu, na katika choo kidogo kisicho na dirisha hewa hiyo haina pa kwenda ila kifuani mwa mtu. Siki na ndimu pia ni asidi, kwa hivyo nazo hazichanganywi na Jik. Na dawa zenye amonia, kama baadhi ya zile za kusafishia vioo, nazo zikichanganywa na Jik hutoa hewa mbaya. Hata mkojo mwingi wa mtoto uliolala ndani ya poti usiumwagie Jik moja kwa moja. Mwaga mkojo kwanza, suuza kwa maji, ndipo utie dawa.

Tunaomba sheria hii ikaririwe katika kila kikundi: DAWA MOJA KWA WAKATI MMOJA, NA DIRISHA WAZI.

Na ikitokea ajali? Mtoe mtu nje penye hewa safi. Dawa ikimwingia machoni, mwoshe kwa maji safi mengi kwa dakika kumi na tano au zaidi. Mtoto akinywa dawa, msimlazimishe kutapika, kwa sababu itamchoma tena ikirudi. Mpelekeni hospitali mkiwa mmebeba na ile chupa ili daktari aone ni kitu gani. Na tafadhali, msihifadhi Jik ndani ya chupa ya soda. Mtoto hajui kusoma, anajua soda tu.

MAJI YANATOKA WAPI NA YANAKWENDA WAPI?

Kuna jambo la pili tulilojifunza Kileleshwa, na hili linawahusu ninyi mlio mbali na Nairobi kabisa.

Sehemu kubwa ya maji ya Nairobi hutoka bwawa la Ndakaini, kule Murang'a, lililokamilika mwaka 1994. Linaweza kubeba mita milioni 70 za ujazo, na linajazwa na mito inayoshuka kutoka milima ya Nyandarua. Kwa hivyo maji ya bomba la Kileleshwa yameanza safari kijijini, kwenye mashamba ya chai. Hata hivyo hayatoshi. Mitaa ya jiji hupata maji kwa zamu, na mengine hununuliwa kwa malori au kuvutwa kutoka visima virefu.

Maji yakishatumika huenda njia mbili. Yanayopita chooni na kwenye sinki, kama mabomba hayajapasuka, huingia kwenye mabomba ya maji taka mpaka mabwawa ya kusafishia kule Ruai. Yanayomwagwa nje, kwenye mtaro wa maji ya mvua, hayasafishwi na mtu yeyote. Yanateremka moja kwa moja hadi vijito vya Kirichwa Kubwa na Kirichwa Ndogo vinavyopita pande hizi, kisha Mto Nairobi.

Mto Nairobi unaingia Mto Athi. Athi unapita Machakos, Makueni na Kitui, mahali ambapo watu wananywesha mifugo na kumwagilia sukuma wiki. Mbele yake, huko Tsavo, unaitwa Galana, halafu Sabaki, na mwishowe unaingia Bahari ya Hindi karibu na Malindi. Bwawa la Thwake, lililoanza kujengwa mwaka 2018, nalo linategemea maji ya mto huu huu.

Mnaona basi? Mtu wa Murang'a anatoa maji, mtu wa Kileleshwa anayatumia, na mtu wa Makueni anapokea kilichobaki. Ndoo moja ya maji ya deki yenye Jik si kitu. Lakini jiji zima halina ndoo moja.

Tusidanganyane: uchafu mwingi wa mto huu unatoka kwenye vyoo visivyounganishwa na mabomba, viwandani na kwenye takataka. Sabuni ya nyumbani si mkosaji mkuu. Ila inaongeza. Baadhi ya sabuni za unga zina fosfeti, ambayo ni chakula cha mimea ya majini. Pamoja na maji ya vyoo, chakula hicho hustawisha gugu maji. Mfano ni Bwawa la Nairobi karibu na Kibera, lililojengwa mwaka 1953. Watu walikuwa wakipanda mashua pale. Baadaye gugu maji likalifunika hata ungedhani ni shamba.

POVU SI USAFI

Akina mama fua walituambia kwamba wenye nyumba wengi hupenda kuona povu. Povu likiwa dogo, wanasema nguo hazikufuliwa. Hii ni imani tu. Povu ni hewa iliyoshikwa na sabuni. Kinachotoa uchafu ni sabuni yenyewe kushika mafuta, maji ya kuyaondoa, mkono wa kusugua, na muda wa kuloweka.

Muda ndio msaidizi ambaye halipwi mshahara. Sufuria yenye ukoko wa ugali ikijazwa maji usiku, asubuhi ukoko unatoka wenyewe. Nguo zikilowekwa nusu saa, sabuni kidogo inatosha. Sabuni ikizidi inabaki kwenye nguo, inawasha ngozi, na inataka maji mengine mengi ya kusuuza. Yaani umelipa mara mbili.

Jik nayo tuiweke mahali pake. Ni dawa ya kuua vijidudu, si dawa ya kuondoa uchafu. Ukiimwaga juu ya sakafu yenye matope, matope yanaimaliza nguvu kabla haijafikia vijidudu. Kwanza osha kwa sabuni, suuza, ndipo utie dawa iliyochanganywa na maji baridi kama maandishi ya chupa yanavyosema, na uiache kama dakika kumi. Changanya ya leo leo, kwa sababu ikilala inapungua nguvu. Na pale ambapo nyumba inatumia tangi la maji taka lililozikwa uani, Jik nyingi huua vile vijidudu vyema vinavyoozesha uchafu, na tangi linajaa mapema.

Lakini sikilizeni vizuri. Kukiwa na kipindupindu, au mgonjwa anayehara na kutapika, au damu sakafuni, huo si wakati wa ndimu wala majivu. Siki na ndimu hazitegemewi kuua vijidudu vya kipindupindu. Hapo tumieni dawa ya klorini bila woga, mkivaa glavu, na mfuate maagizo ya mhudumu wa afya. Tunalosema ni hili: dawa kali iwe ya siku ya haja, isiwe ya kila siku.

VITU VYA KWETU VINAVYOFANYA KAZI

Wazee wetu walikuwa na usafi wao. Wakalenjin husafisha kibuyu cha maziwa ya mursik kwa kaa la mti wa senetwet, na Wamaasai kwa kijinga cha oloirien. Sisi sote tumesugua sufuria kwa majivu. Si lazima turudi nyuma kwa kila kitu, lakini vitu hivi vifuatavyo vinapatikana kwa bei nafuu na vinafanya kazi:

1. Sabuni ya kipande. Hutengenezwa kwa mafuta, na huoza upesi ikifika ardhini. Ikwangue kwenye maji ya moto, acha ipoe, upate sabuni ya maji ya kuoshea vyombo na sakafu.

2. Magadi. Haya ni yale yale ya Ziwa Magadi, ambayo wengine hutia kwenye mboga. Vijiko viwili ndani ya maji ya moto huondoa mafuta kwenye jiko, meza na sakafu ya jikoni. Msiyatumie kwenye sufuria za alumini, yanazila na kuzifanya nyeusi. Vaeni glavu, kwa sababu yanakausha mikono.

3. Ndimu au siki. Hutoa ule ukoko mweupe ndani ya birika na kutu nyepesi kwenye sinki. Tia ndani ya birika na maji, chemsha, acha kidogo, mwaga, suuza. Msiitie kwenye sakafu ya simiti, terazo au marumaru, kwa maana asidi inaila. Na msichanganye siki na magadi mkidhani mtapata nguvu zaidi. Yatachemka na kutoa povu la kupendeza, lakini kimoja kimemaliza nguvu za kingine. Tumieni kimoja, suuza, halafu kingine.

4. Majivu laini yaliyochekechwa. Ni mazuri kwa masizi ya nje ya sufuria. Yasiwe ya plastiki iliyochomwa, yawe ya kuni tu.

5. Gazeti kuukuu na maji yenye siki kidogo kwa vioo vya madirisha.

6. Dodoki, lile tunda linalotambaa kwenye ua na likikauka hubaki nyuzi. Linasugua vyombo vizuri kuliko sponji ya plastiki, na likichakaa linatupwa shambani likaoze.

7. Nguo kuukuu. Fulana iliyoraruka ni tambara bora la vumbi. Lilowesheni kidogo. Ufagio mkavu unainua vumbi, na vumbi linarudi kifuani mwa mwenye pumu.

RATIBA YA NYUMBA YENYE HARAKA

Mama mmoja mwenye nyumba pale Kileleshwa alituuliza: "Haya yote nitayafanya saa ngapi, na mimi nafika nyumbani saa mbili usiku?" Ni swali la haki. Hata kijijini, mama anayetoka shamba na kuni kichwani ana swali lilo hilo. Tukakaa naye tukapanga hivi:

Kila siku, dakika kumi na tano. Viatu vyote viachwe mlangoni, manake udongo mwingi wa sakafuni huingia na viatu. Kila mtu, baba akiwemo, aoshe sahani yake baada ya kula. Meza na jiko vipanguswe kabla mafuta hayajakauka. Sufuria zilowekwe usiku.

Mara mbili kwa wiki. Kufagia na kupiga deki kwa ndoo mbili: moja ya sabuni, moja ya kusuuzia tambara. Ukitumia ndoo moja unahamisha uchafu kutoka chumba hadi chumba. Anza juu, malizia chini. Anza ndani, malizia mlangoni.

Mara moja kwa wiki. Choo na bafu kwa brashi na sabuni. Nguo: maji ya kusuuzia ya mwisho yasimwagwe, yatumike kupiga deki au kuvuta choo.

Mara moja kwa mwezi. Birika, madirisha, pembe za makabati. Watoto wanaweza kugawana.

Na maji machafu? Mjini yamwagwe chooni, si kwenye mtaro wa nje. Kijijini maji ya sabuni ya kipande mnaweza kuyapa migomba, mbali na kisima. Yenye Jik au magadi msiyape mimea yoyote.

Takataka nazo zitenganishwe: maganda na mabaki ya chakula pembeni, vitu vikavu pembeni. Sheria ya taka ya mwaka 2022 inataka hivyo kote nchini. Huko mjini taka hupelekwa Dandora, na jaa lile lilitangazwa kuwa limejaa tangu mwaka 2001. Kijijini maganda ni mbolea, kwa nini kuyatupa?

Yule mama alijaribu kwa mwezi mmoja. Tulipomrudia, kabati lake lilikuwa na chupa mbili badala ya saba, na mlangoni pa choo palining'inia glavu. Dada wa kazi ndiye aliyetuonyesha. "Hizi ni zangu," alisema, "zimeandikwa jina langu." Jambo dogo, lakini tuliona uso wake.

NA VIKUNDI VIFANYE NINI?

Tunapendekeza mambo mawili. La kwanza, binti au kijana anapotoka kwenu kwenda kutafuta kazi za nyumba, kikundi kikae naye saa moja kabla ya safari. Mfundisheni sheria ya dawa moja kwa wakati mmoja. Mwambieni ana haki ya kuuliza chupa hii ni ya nini, na kuomba glavu na dirisha wazi. Si kiburi kuuliza. Mapafu hayauzwi dukani.

La pili ni pesa. Dodoki inaota kwenye ua bila gharama. Fagio za njiti, vikwaruzo vya katani na sabuni ya kipande ni vitu ambavyo vikundi vinaweza kutengeneza. Anzeni na vichache, muuze sokoni kwenu kwanza, andikeni kila shilingi kwenye daftari, ndipo mtafute mteja wa mjini. Kwa sabuni, tafuteni mwalimu anayeijua kazi, kwa sababu magadi makali ya kutengenezea sabuni yanaunguza vibaya. Msijaribu kwa kubahatisha.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Maji tunayotumia nyumbani yanatoka wapi, na tukiyamwaga yanafika kwa nani?
2. Ni dawa gani za usafi tulizo nazo nyumbani? Nani anajua maandishi ya chupa yanasema nini? Nani awasomee wasiojua kusoma?
3. Katika nyumba zetu, nani anafanya usafi, na nani anakaa tu? Tunaweza kugawanaje kazi hiyo?
4. Ni watoto wangapi wa kijiji hiki wanafanya kazi za nyumba mjini? Tuliwaambia nini kabla hawajaondoka?
5. Kikundi chetu kitaanza na jambo gani mwezi huu, na nani atafuatilia?

Yule mama wa viganja vilivyopasuka alituuliza tukiagana: "Mtaandika kweli?" Tukamwambia tutaandika. Basi tumeandika. Someni kwa sauti katika mkutano, na mtuletee majibu yenu tutakapokuja tena.